Nafasi, Wasaa na Muda: Historia Fupi ya Semi za Kuwa na Wakati wa Kutosha katika Kiingereza na Athari Zake katika Kiswahili

1.0 Utangulizi

Kila mfasiri aliyewahi kushughulika na matini za Kiingereza amekutana na kundi dogo la semi ambazo, kwa mtazamo wa kwanza, hazina ugumu wowote. Mwingereza husema kwamba ana 'plenty of time' au 'time to spare'. Kwamba jambo litafanywa 'at leisure'. Kwamba mgeni amefika 'in good time'. Na akitaka mwenzake asijisumbue kwa pupa, humwambia 'take your time'. Semi zote hizi hutaja hali moja kwa jumla, yaani mtenda anao wakati wa kutosha, pengine na zaidi, wa kutimiza alilokusudia. Mwanafunzi wa tafsiri aghalabu huzifasiri zote kwa kirai kimoja, 'kuwa na muda mwingi', na msahihishaji huona hakuna kosa.

Mhadhara huu unakusudia kuonyesha kwamba hakuna usawa mkamilifu baina ya semi hizo, kwa kuwa kila mmoja umebeba historia yake. Hoja inayotetewa ni kwamba Kiingereza kilikuwa na njia zisizopungua nne za kuwazia wakati wa kutosha: kama ruhusa, kama pumziko, kama uwazi, na kama mali. Njia ya nne ilipata nguvu kupita zile tatu katika karne za biashara na viwanda. Kiswahili, kwa upande wake, kilikuwa na njia hizo tatu za mwanzo kwa asili na mikopo yake chenyewe, kisha kikaipokea ile ya nne kwa kupitia kazi ya mshahara, shule na tafsiri. Suala hili si la kamusi peke yake. Juu ya tofauti ya semi hizi ilijengwa hukumu nzito kuhusu watu wa Afrika Mashariki, kwamba hawaujui wakati, na hukumu hiyo ingali inasikika hata miongoni mwa Waswahili wenyewe.

2.0 Ruhusa, pumziko na uwazi: Kiingereza kabla ya viwanda

Neno 'leisure' ndilo mfano bora wa kuanzia. Liliingia Kiingereza cha Kati kutoka Kifaransa cha Kale, nacho kililitoa katika kitenzi cha Kilatini 'licere', chenye maana ya kuruhusiwa. Kwa hiyo mtu aliyefanya jambo 'at leisure' hakuwa, kwa asili ya neno, mtu mwenye saa nyingi. Alikuwa mtu aliyeruhusiwa, asiyeshikwa na amri ya mwingine. Mzizi huohuo ndio uliozaa neno la Kiingereza lililokuja kuwa 'leseni' katika Kiswahili. Dereva anayeonyesha leseni yake barabarani anashika mkononi ndugu wa neno la mapumziko ya Kiingereza, ingawa mwenyewe hana habari.

Neno 'while', linalotumika katika semi kama 'stay a while', ni la asili ya Kijerumani. Ukoo wake unahusiana na utulivu: katika Kinorse cha Kale ndugu yake lilimaanisha kitanda, na katika Kilatini lina jamaa yake katika neno la ukimya na pumziko, 'quies'. Hapa kipindi cha wakati hakikupimwa. Kilihisiwa kama kituo kati ya shughuli na shughuli.

Njia ya tatu ni ya uwazi. Neno 'space', ambalo leo humfanya msomaji afikirie nafasi ya chumba au anga za juu, miongoni mwa matumizi yake ya awali kabisa katika Kiingereza ni yale ya kipindi cha wakati. Neno 'vacation', la likizo, na 'vacancy', la nafasi ya kazi iliyo wazi, yametoka katika kitenzi kimoja cha Kilatini, 'vacare', yaani kuwa tupu. Na Kiingereza kinao usemi 'breathing space', uwazi wa kuvuta pumzi, kwa maana ya muda wa kujipanga upya kabla ya kuendelea. Usemi huu wa mwisho ukumbukwe, kwani utarejewa katika sehemu ya nne.

Maneno ya msingi kabisa, 'time' na 'tide', yalikuwa jamaa katika Kiingereza cha Kale, na yote mawili yalihusu wakati au majira. Baadaye 'tide' likaachiwa kujaa na kupwa kwa bahari. Ndiyo maana methali ya Kiingereza isemayo kwamba viwili hivyo havimngoji mtu hueleweka leo kama methali ya bahari, ilhali hapo kale ilikuwa ni kutaja wakati kwa majina mawili.

3.0 Wakati kuwa mali

Ni desturi kusema kwamba viwanda ndivyo vilivyoufanya wakati kuwa fedha. Kauli hiyo ina ukweli, lakini si ukweli wote. Kiingereza cha Kati, kabla ya kiwanda chochote cha mvuke, tayari kilikuwa na usemi wa kutumia wakati kama mtu anavyotumia fedha, 'to spend time', na wa kuupoteza bure. Kitenzi 'spend' chenyewe chatokana na Kilatini 'expendere', kupima uzito wa fedha wakati wa kulipa. Mizizi ya usemi huu basi haimo katika karakana peke yake. Sehemu yake imo katika mahubiri, ambamo wakati ulihesabiwa kuwa amana ya Mungu ambayo mja atatolea hesabu. Mwaka 1673 mhubiri Richard Baxter alichapisha kitabu kikubwa cha maadili kilichosisitiza sana wajibu wa kuukomboa wakati. Max Weber, katika insha zake za mwaka 1904 na 1905, alimtumia Baxter kuwa shahidi wake mmojawapo wa uhusiano kati ya dini hiyo na ubepari.

Hatua iliyofuata ilikuwa kuondoa amana na kubakiza hesabu. Mwaka 1748 Benjamin Franklin, mchapishaji wa Philadelphia, aliandika nasaha kwa kijana mfanyabiashara akimkumbusha kwamba wakati ni fedha. Hoja yake ilikuwa ya kimahesabu kabisa: mtu awezaye kupata shilingi kumi kwa kazi ya siku moja, akikaa bure nusu ya siku, hakupoteza tu alichotumia katika starehe yake, amezitupa na shilingi tano ambazo angezipata. Katika hesabu hiyo, kukaa bila kazi hakuwi tena ruhusa wala pumziko. Kunakuwa hasara.

Mwanahistoria E. P. Thompson, katika makala yake mashuhuri ya mwaka 1967 kuhusu wakati na nidhamu ya kazi, alieleza jinsi kazi ya Uingereza ilivyohama kutoka kupimwa kwa shughuli hadi kupimwa kwa saa. Mkulima hukama ng'ombe hadi wameisha. Mfanyakazi wa kiwanda hufanya kazi hadi kengele ilie. Katika mfumo huu wa pili wakati hugawanyika mafungu mawili, wa mwajiri na wa mfanyakazi mwenyewe. Reli ziliongeza nguvu ya mabadiliko hayo. Kila mji wa Uingereza ulikuwa na saa yake kwa kufuata jua lake, hadi kampuni za reli zilipoanza kutumia saa ya London, kwanza Great Western mwaka 1840, kisha nyingine nyingi kuanzia mwaka 1847. Sheria ya kuifanya saa hiyo kuwa ya nchi nzima ilipitishwa mwaka 1880.

Kwa mwanga huu semi za leo husomeka upya. Katika 'time to spare', kitenzi 'spare' kwa asili kilimaanisha kutodhuru, kisha kutunza na kutotumia ovyo. Kikiambatanishwa na wakati, hutaja salio: kilichobaki mkobani baada ya malipo yote. Katika 'take your time', kiwakilishi cha umiliki ndicho chenye uzito, kwani humhakikishia msikilizaji kwamba wakati huo ni wake, wala hapana anayemdai. George Lakoff na Mark Johnson, katika kitabu chao cha mwaka 1980 kuhusu sitiari, waliziweka semi za namna hii katika ukoo mmoja na kuonyesha kwamba wasemaji huishi ndani ya sitiari hiyo bila kuitambua kuwa ni sitiari.

4.0 Wasaa katika Kiswahili

Kiswahili hakina kitenzi kimoja cha kumiliki. 'Nina wakati' ni 'niko pamoja na wakati'. Isitoshe, mofimu ya mahali -po- ndiyo hiyohiyo inayotaja wakati: 'alipo' hutaja mahali, 'alipofika' hutaja wakati, na 'hapo' hutaja mahali na wakati pia. Si halali kudai, kwa ushahidi huu tu, kwamba Mswahili anawaza tofauti na Mwingereza. Sarufi haimfungi msemaji kiasi hicho. Lakini ni halali kusema kwamba Kiswahili kilikuwa na mlango uliokwisha kufunguliwa wa kuutaja wakati kama mahali pa kukaa.

Mlango huo ndio walioupitia wageni wakubwa wawili kutoka Kiarabu. Wa kwanza ni 'wasaa', kutoka mzizi wenye maana ya upana. Mwenye wasaa ni mwenye upana, si mwenye hesabu. Wa pili ni 'nafasi', kutoka 'nafas', yaani pumzi. Katika Kiswahili neno hili limetanda mno: ni uwazi kati ya vitu viwili, ni wakati usio na shughuli, ni fursa, ni cheo, ni kazi isiyo na mtu. Yale ambayo Kiingereza huyagawa kati ya 'space', 'leisure', 'opportunity' na 'vacancy', Kiswahili huyakusanya chini ya pumzi moja. Na ule usemi wa Kiingereza wa uwazi wa kuvuta pumzi, ambao ni usemi wa pembeni huko kwao, huku ndio ulio katikati ya msamiati.

Pamoja na hayo lipo neno 'faragha', kutoka neno la Kiarabu la utupu. Kwa maana yake ya wakati usio na shughuli, neno hili lilipita njia ileile ya 'vacare' ya Kilatini bila ya lugha hizo kuigana. Leo maana ya usiri imeifunika ile ya wasaa, hata kijana akisikia 'nikipata faragha' hufikiria mlango uliofungwa. Lipo pia 'diriki', kutoka kitenzi cha Kiarabu cha kufikia au kukamata. Asiyediriki ni aliyeshindwa kulifikia jambo, si lazima aliyepungukiwa na saa.

Maneno ya Kibantu hayakukaa kimya. 'Chelewa' ni la ukoo wa '-cha', yaani kupambazuka: aliyechelewa ni aliyekuchewa. 'Mapema' linaonyesha wazi shina la '-ema'. Hapa Kiswahili kinakutana na 'in good time' ya Kiingereza na 'de bonne heure' ya Kifaransa, ambazo nazo huita wakati wa kutosha wakati mwema. Na kitenzi 'likiza', kumwachia mtu aondoke kazini, na pia kumwachisha mtoto ziwa, kimetupa 'likizo'. Hivyo mapumziko ya mfanyakazi wa Kiswahili ni ruhusa, sawasawa na yalivyokuwa yale ya Kilatini.

Je, watu wenye maneno haya hawakuujali wakati? Jibu limo baharini. Safari za majahazi kati ya Afrika Mashariki, Arabuni na Bara Hindi zilitegemea kaskazi na kusi. Nahodha aliyezembea bandarini hadi upepo ukageuka hakuchelewa kwa saa. Alichelewa kwa miezi. Neno la Kiarabu 'mawsim' lililotaja majira hayo limezaa 'msimu' katika Kiswahili na, kwa kupitia Kireno, 'monsoon' katika Kiingereza. Wakulima na wavuvi wa pwani walihesabu mwaka wa jua kwa miongo ya siku kumi kumi kuanzia Nairuzi, na sherehe ya Mwaka Kogwa ya Makunduchi ingali ushahidi wa kalenda hiyo. Methali nazo zina pande mbili. Iliyosema 'haraka haraka haina baraka' inaishi nyumba moja na 'chelewa chelewa utamkuta mtoto si wako', na 'ngoja ngoja huumiza matumbo'. Iliyo kali kuliko zote ni 'wakati ni ukuta', ambayo hailingani hata kidogo na nasaha za Franklin. Fedha humilikiwa, hutumiwa, hukopeshwa. Ukuta hauna mwenyewe wa kuuweka mfukoni. Anayepigana nao ndiye anayeumia.

5.0 Kazi ya mshahara na msamiati wake

Kukutana kwa mikondo hii miwili hakukutokea kwanza katika kamusi. Kulitokea kazini. Neno 'kibarua' ni udogo wa 'barua': cheti alichopewa mfanyakazi wa kutwa, kisha jina la kazi, kisha jina la mtu mwenyewe. Kipimo chake, 'kutwa', ni cha jua. Katika mashamba ya Tanganyika ya kikoloni 'kipande' kilikuwa kadi ya siku thelathini za kazi, siku ambazo hazikulazimika kufuatana. Mfanyakazi aliweza kwenda shambani kwake au msibani, kisha akarudi kukamilisha kadi yake. Kenya neno hilohilo lilipata sura nyingine kuanzia miaka ya 1919 na 1920, lilipokuwa jina la hati ya utambulisho ambayo mwanamume Mwafrika alilazimika kuwa nayo. Neno moja, basi, upande mmoja likawa mfuko wa kuhifadhi nafasi, na upande wa pili likawa kamba ya kuifunga.

Frederick Cooper ameichambua kwa kina historia ya bandari ya Mombasa, katika kitabu cha mwaka 1987 na katika makala ya mwaka 1992 kuhusu ukoloni na wakati. Wachukuzi wa bandari walikuwa vibarua walioajiriwa siku kwa siku, na wengi wao walijichagulia siku za kwenda kazini. Maofisa waliona katika desturi hiyo uvivu na hatari ya fujo. Wachukuzi waliona uhuru. Baada ya mgomo mkuu wa Januari 1947, na hasa katika miaka ya 1950, serikali na waajiri walisukuma mfumo wa kupunguza vibarua na kuweka waajiriwa wa kudumu. Ugomvi haukuwa kati ya wanaoujua wakati na wasioujua. Ulikuwa juu ya nani mwenye mamlaka ya kutoa nafasi.

Kwa maneno mengine, ugomvi ule ulikuwa ndani ya maana ya asili ya 'leisure': ruhusa. Mwajiri Mwingereza alikwisha kuisahau maana hiyo katika lugha yake mwenyewe.

6.0 Hukumu na ushahidi

Mwaka 1969 John Mbiti alichapisha kitabu chake kuhusu dini na falsafa za Kiafrika, akadai kwamba katika fikra za jadi za Kiafrika wakati una sura mbili tu kubwa, na kwamba mustakabali wa mbali haupo. Ushahidi wake wa vitenzi aliutoa katika Kikamba na Kigikuyu, lakini istilahi alizochagua, 'Sasa' na 'Zamani', ni za Kiswahili. Inafaa ikumbukwe kwamba Mbiti hakukusudia tusi. Alikuwa anatetea heshima ya mfumo wa fikra uliodharauliwa. Hata hivyo wasomaji wengi walichukua dai lake kuwa uthibitisho wa kitaalamu wa shutuma ya zamani. Wanafalsafa kama Kwame Gyekye, mwaka 1987, walilipinga kwa ushahidi wa lugha nyingine.

Kiswahili, kilichoazimwa istilahi zake, hakiungi mkono dai hilo. Mbali na kiambishi -ta-, ambacho hakina mpaka wa umbali, lugha hii ina mpango wa siku zijazo ambao Kiingereza cha kawaida hakina: kesho, kesho kutwa, mtondo na mtondogoo. 'Zamani' lenyewe ni la Kiarabu, ambako hutaja wakati kwa jumla. Neno la mkopo lililobadilika maana haliwezi kubebeshwa falsafa ya bara zima.

7.0 Mfasiri wa leo

Katika matumizi ya sasa 'muda' unaelekea kuwameza wenzake. 'Okoa muda', 'poteza muda', 'tumia muda' na 'muda ni mali' zimekwisha kuzoeleka, na hakuna sababu ya kuzifukuza. Simu za mkononi zilipoenea mwanzoni mwa karne ya 21, 'muda wa maongezi' ukawa bidhaa ya dukani kwa maana halisi, si ya sitiari. Lugha inayoishi haina budi kutaja mambo ya wenyewe wanaoishi.

Tatizo huanza pale sitiari moja inapotumika kufasiri zote. 'Chukua muda wako' ni Kiingereza kilichovaa kanzu. Mswahili angesema 'usiharakishe', 'taratibu tu', au 'fanya kwa nafasi yako'. Kwa 'in good time' lipo 'mapema'. Kwa 'at leisure' lipo 'kwa nafasi'. Kwa mtu mwenye 'time to spare' inatosha kusema kwamba ana wasaa, au kwamba kazi itakwisha na nafasi itabaki. Kwa 'all the time in the world', ambako mfasiri wa neno kwa neno huleta muda wote wa dunia nzima, msemaji hodari atasema 'kungali mapema' au 'siku ni nyingi'.

Upande wa pili una hatari kubwa zaidi. Mtu anayeitwa kikaoni akajibu 'sina nafasi' hatoi taarifa ya saa yake peke yake. Huenda ana mgonjwa nyumbani, huenda hakuruhusiwa, huenda moyo wake umebanwa. Mkalimani wa mahakama au wa hospitali akilitia jibu hilo katika Kiingereza kuwa ni kukosa muda tu, amelipunguza. Na msikilizaji asiyejua Kiswahili anaweza kumwona msemaji kuwa mtu wa visingizio. Kosa hilo halionekani katika sarufi, wala mtihani wa kawaida hauwezi kulinasa.

8.0 Hitimisho

Imeonekana kwamba Kiingereza hakikuzaliwa na wakati-fedha. Kiliufikia kwa njia ndefu ya mahubiri, biashara, viwanda na reli, na njiani kikafunika semi zake za ruhusa, pumziko na uwazi, ingawa mabaki yake yangali yanasomeka. Imeonekana pia kwamba Kiswahili kina semi zinazolingana na zile zilizofunikwa, na kwamba kuzikuta hakumaanishi kukuta watu wasio na mpango.

Yako mambo mawili ya kutenda. La kwanza ni la kamusi: vidahizo 'nafasi', 'wasaa', 'faragha', 'fursa' na 'muda' vinahitaji kutenganishwa kwa mifano ya matumizi, badala ya kila kimoja kuelezwa kwa kutaja kingine. La pili ni la utafiti: semi za wasaa za wavuvi, wakulima na wachukuzi zikusanywe mahali zinaposemwa, pamoja na mazingira ya kusemwa kwake. Wazee wanaosema 'faragha' kwa maana ya wakati usio na shughuli wanapungua kila mwaka, na kwa kazi hiyo watafiti wa Kiswahili hawana wasaa mkubwa.